Kesi ya Shylock chini ya mkorosho

Kabla ya kugawa vitabu vya tamthilia hii ya Shakespeare, leta mizani. Mimi huazima ya kupimia korosho kwa jirani yangu hapa Mikindani, naitundika mkoroshoni, kisha nawauliza darasa la sita: aliyeshindwa kulipa deni akatwe ratili ya nyama mwilini? Waache wabishane hadi sauti ziwakauke.

Hapo ndipo fungua Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969, moja kwa moja kwenye kesi. Shylock, mkopeshaji anayedai nyama hiyo, anoe rula kama kisu kwenye soli ya kiatu. Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, amruhusu kukata nyama, ila damu isidondoke hata tone.

Wabadilishane nafasi. Kila mtoto awe Shylock walau mara moja, maana naye alitemewa mate, na hilo wengi hulisahau.