Kuvua magwanda bila kupoteza utabibu: mwongozo kwa mediki wa jeshi la Marekani

Mediki wa jeshi la nchi kavu la Marekani, yule wa fani ya 68W, humaliza wiki 16 za mafunzo pale Fort Sam Houston, San Antonio, akiwa na cheti cha NREMT, sajili ya kitaifa ya wahudumu wa dharura, cha ngazi ya EMT, yaani mhudumu wa ambulansi aliye chini ya paramediki. Siku ya kutoka jeshini, cheti hicho ndicho karibu kitu pekee ambacho mwajiri wa kiraia anakitambua. Kutoboa kifua kwa sindano ili hewa iliyonasa itoke, kupasua koo na kupitisha mpira wa kupumulia, kuchoma ketamini ya kuua maumivu, kumwongezea majeruhi damu porini: hayo unayaweza, lakini nje ya geti la kambi hayana leseni. Kwa Wakenya, Watanzania, Wakongo na wengine walioingia jeshini kwa grini kadi, jambo hili huuma zaidi, maana wengi walihesabu utabibu huo ndio mtaji wao wa baadaye. Ni mtaji kweli, ila lazima ugeuzwe makaratasi ukiwa bado ndani ya sare.

Mwaka mmoja kabla ya kutoka

TAP, yaani mpango rasmi wa kumwandaa askari kurudi uraiani, unatakiwa uanze siku zisizopungua 365 kabla ya tarehe ya kutoka. Wengi hukaa humo kama kwenye semina ya kusaini mahudhurio. Wewe utumie kukusanya vitu vifuatavyo.

Anza na kuhuisha NREMT. Cheti hudumu miaka miwili na huisha tarehe 31 Machi. EMT anatakiwa awe na saa 40 za mafunzo endelevu, na mafunzo ya kila mwaka ya 68W kikosini yanaweza kuhesabiwa humo mradi yameandikwa na kuthibitishwa. Kosa lililozoeleka ni kutoka Januari, kupumzika kidogo, halafu kushtuka Aprili cheti kimekufa. Kukifufua huja na mtihani na ada, tena wakati huo huna mshahara. Jingine: NREMT si leseni. Leseni hutolewa na jimbo, kwa hiyo ukishajua utaishi Texas au Minnesota, omba ya huko kabla hujafungasha mizigo, kwa sababu uchunguzi wa alama za vidole na historia ya makosa unaweza kula wiki kadhaa.

Kisha vuta JST, ile rekodi ya masomo ya kijeshi inayopendekeza kozi zako zihesabiwe vipi vyuoni. Ni bure. Isome mstari kwa mstari. Kama kozi ya 68W au kozi nyingine uliyofanya haimo, peleka vyeti ofisi ya elimu irekebishwe. Usitegemee miujiza lakini. Chuo ndicho chenye uamuzi wa mwisho, na vyuo vingi vya uuguzi havikubali mafunzo ya jeshi yachukue nafasi ya anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia zenye maabara. Kama kambi yako ina chuo jirani, soma masomo hayo matatu jioni ukiwa bado jeshini, kwa msaada wa ada wa jeshi. Utakuwa umeokoa karibu mwaka mzima.

Faili lako mwenyewe la matibabu ndipo mediki wengi wanapoumia. Goti likivimba baada ya kuruka kwa mwavuli, mediki hachukui foleni. Anachota ibuprofeni kwenye begi lake, anafunga bandeji, anarudi kazini, na hakuna lililoandikwa popote. Miaka mitano baadaye anadai fidia ya ulemavu VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani, na faili ni jeupe. Kwa hiyo miezi 12 ya mwisho uwe mgonjwa kama wagonjwa wengine: panga miadi, sema mgongo, masikio, usingizi na ndoto mbaya, hakikisha daktari ameandika. Madai yenyewe yafungue kwa njia ya BDD, mpango wa kudai ulemavu kabla ya kutoka, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, ili uamuzi usikuache ukisubiri miezi bila kipato. Zikibaki chini ya siku 90, dirisha hilo limefungwa na unaingia foleni ya kawaida.

Kama bado huna uraia wa Marekani, usitoke bila kuushughulikia. Askari hujaza fomu N-400 ya kuomba uraia bila ada, akiambatanisha N-426, fomu ya utumishi wake iliyothibitishwa na kikosi. Ukishatoka bado inawezekana kwa kutumia DD-214, cheti cha kuachishwa jeshi, lakini ukiwa ndani, karani wa kikosi yuko mlango wa pili. Uraia wenyewe si mapambo: kazi nyingi za serikali kuu, zikiwemo za hospitali za VA, huanza na raia. Ujue pia kwamba uraia uliopatikana kwa utumishi wa jeshi unaweza kufutwa ukifukuzwa kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi mwema.

SkillBridge, mpango wa jeshi wa mafunzo kazini uraiani, ni fursa ambayo wengi huiacha ipite. Inakuruhusu kufanya kazi kwa mwajiri wa kiraia hadi siku 180 za mwisho, mshahara na bima vikiendelea kutoka jeshini. Cheo na tawi lako vinaweza kupunguza siku hizo, na bila saini ya kamanda hakuna kitu. Peleka ombi mapema, likiwa na jina la atakayebeba majukumu yako. Kamanda hukataa zaidi kwa kukosa mbadala kuliko kwa roho mbaya.

Mwisho ni DD-214. Kabla ya kusaini kagua kisanduku cha 11 kinachotaja fani, cha 13 chenye nishani, na cha 14 chenye mafunzo. Kosa likibaki, kulirekebisha kwa DD-215 huchukua muda mrefu. Nakala unayoihitaji ni Member-4, yenye aina ya kuachishwa kwako. Ile fupi waajiri na VA hawaikubali kwa mambo mengi.

Kuchagua njia

Njia ya haraka ni kuingia ambulansi kama EMT, na ndiyo yenye malipo madogo: mshahara wa kati kitaifa mwaka 2024 ulikuwa karibu dola 41,000 kwa mwaka. Uifanye iwe daraja la muda. Afadhali EMT akafanye kazi idara ya dharura hospitalini, anakoona wauguzi na madaktari kila siku na kupata saa za kuhudumia wagonjwa zinazohesabika baadaye. Paramediki ni hatua moja juu, kozi ya zaidi ya saa 1,000 pamoja na mazoezi hospitalini na kwenye gari.

Hospitali za VA zina nafasi iitwayo ICT, iliyoanzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya mediki wa zamani tu. Unashona vidonda, unatundika dripu, unafunga mivunjiko, yote chini ya usimamizi wa daktari. Ni kazi inayofanana zaidi na uliyokuwa ukifanya, na inastahili kutafutwa kabla ya nyingine.

Uuguzi ndio wenye nafasi nyingi. RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, alikuwa na mshahara wa kati wa karibu dola 94,000 mwaka 2024, na diploma ya chuo cha jamii ya miaka miwili inatosha kukalia NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN. California inamruhusu mediki kufanya mtihani wa LVN, muuguzi wa ngazi iliyo chini ya RN, kwa sifa za jeshi, mradi awe na miezi 12 ya kuhudumia wagonjwa kitandani. Hapo aliyekaa platuni ya watembea kwa miguu muda wote hukwama, wakati mwenzake wa wodini hupita. Kama ulisomea uuguzi Kenya au Tanzania kabla ya kuhama, usianze darasani upya: bodi ya jimbo hupima masomo yako, na rekodi hutumwa moja kwa moja na chuo na baraza la wauguzi la kule nyumbani. Huchukua miezi, kwa hiyo anza leo.

Kisha kuna PA, anayefanana na tabibu wetu wa kliniki: anapima, anaandika dawa, anashirikiana na daktari. Fani yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya watu kama wewe. Darasa la kwanza, Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, lilikuwa la wahudumu wanne waliotoka jeshi la majini. Leo inataka shahada ya kwanza, saa nyingi za wagonjwa, kisha miaka miwili na zaidi ya masomo. Diploma ya utabibu ya Kenya au Tanzania haikupi leseni hii hata uwe na uzoefu wa miaka kumi, kwa sababu PANCE, mtihani wa kuthibitishwa kuwa PA, ni wa waliohitimu programu zilizoidhinishwa Marekani. Mshahara wa kati mwaka 2024 ulikuwa karibu dola 133,000.

GI Bill, mpango wa serikali wa kuwalipia maveterani masomo, inakupa miezi 36 ya masomo. Usiichome kwenye kozi fupi ambayo SkillBridge au mwajiri angeilipia. Posho ya nyumba hufuata kiwango cha askari wa cheo cha E-5 (sajenti) mwenye familia mahali chuo kilipo, lakini ukisoma mtandaoni tupu inashuka hadi nusu ya wastani wa kitaifa. Somo moja la kukaa darasani kila muhula huziba pengo hilo, mradi mzigo wako wa masomo uzidi nusu.

Wasifu na miezi ya kwanza

Anayesoma wasifu wako hajui 68W ni nini. "Mediki wa platuni" hakumwambii kitu. Mwandikie hivi: mhudumu pekee wa afya kwa askari 35, wagonjwa 10 hadi 15 kila asubuhi kliniki chini ya PA, mwenye dhamana ya dawa na vifaa vya thamani fulani, ukaguzi bila upungufu. Weka namba zako halisi, futa vifupisho vyote.

Kazini, hatari kubwa ni mikono kuzoea. EMT katika majimbo mengi haruhusiwi hata kutundika dripu. Ukimtoboa mtu kifua ndani ya ambulansi, hata ukimwokoa, umevuka mipaka ya leseni na unaweza kuipoteza. Wagonjwa nao ni wengine kabisa: bibi wa miaka 80 mwenye moyo usiosukuma vizuri na dawa 11 kwenye mfuko wa plastiki, mtoto mwenye degedege, mama anayejifungua jikoni. Jeshini ulizoea vijana wenye afya waliojeruhiwa. Rudia kusoma ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kisukari, pumu, watoto na uzazi kabla ya zamu ya kwanza, na jifunze kuandika ripoti ndefu, kwa sababu bima hulipa kwa kilichoandikwa.

Bima ya maisha ya askari, SGLI, huendelea siku 120 tu baada ya kutoka. Omba VGLI, bima ya maisha ya maveterani, ndani ya siku 240 na hutaulizwa afya yako. Ukipita hapo, fomu ya afya inaanza kudaiwa.