Kabla korona nyingine itupate: mambo ya kupanga mapema kwa watu wa meno

Shida ya watu wa meno ni moja, mgonjwa wetu lazima atoe maski. Hakuna njia nyingine. Na ukishawasha drili, ile ya kumwaga maji, unyunyu unaoruka una mate ndani na unabaki hewani kitambo. Ndio maana kesi ya kwanza Kenya ilipotangazwa 13 Machi 2020, kliniki nyingi zilibaki na dharura tu, kung'oa linalouma na kupasua jipu, basi. Wanafunzi wakaambiwa wafunge mabegi.

Sisi huku Nakuru tulikuwa tunafuata watoto wenye meno ya kahawia. Mtu wa Njoro ama Bahati sihitaji kumweleza, ni floraidi, madini yaliyo kwa maji ya borehole, WHO inasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya bonde huku vinapita hapo. Tulikuwa tumebakisha shule tatu. Jumapili ya tarehe 15 tangazo likatoka shule zinafungwa, na madarasa yote hayakurudi mpaka Januari 2021, sasa hesabu hiyo miezi kwa mdomo wa mtoto wa miaka saba, ulimwacha na meno mawili mapya mbele unamkuta na manne, na wengine familia zimehama na namba ya simu iliyo kwa fomu ni ya mwalimu!

Kwa hivyo ukianza utafiti leo chukua namba mbili za kila mtoto, ya mzazi na ya mtu wa karibu kama nyanya, na uandike kwa fomu ya ridhaa kwamba unaweza kuuliza maswali kwa simu. Hiyo plani B iweke kwa proposali tangu mwanzo, kwa sababu ukibadilisha njia katikati lazima urudi kwa kamati ya maadili, na wakati huo kila mtu amerudi na wewe ni wa kungoja foleni huku laisensi ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, inaelekea kuisha.

Tena piga picha. Jino la floraidi ukilikausha vizuri kabla ya kulipiga picha, mtu mwingine analisoma akiwa kwake hata mwaka ujao, hakuna haja ya kuita mtoto tena. Likaushe kwa pamba ama kitambaa cha gauze, ile hewa ya bomba ndio inarusha mate. Na maji ya kupima floraidi endelea kuchota, borehole haina kafyu. Tumia chupa ya plastiki, si ya glasi, floraidi inakula glasi na namba zako zinapotea.

Kama una mate ya watu kwa friza ya minus 80, jiulize nani ana ufunguo. Stima ilipotea wikendi, na mwenye ufunguo alikuwa ameenda ushago. Mate yetu ya miezi minne yaliyeyuka yote tukamwaga. Mpaka leo nikisikia jenereta nakumbuka.

Wanafunzi sasa. Thiori ilienda Zoom, sawa, ingawa kuna mmoja wa Siaya alikuwa anapanda kilima na simu ya mamake akitafuta netiwaki na bando inaisha katikati ya somo. Lakini mkono haufundishwi kwa Zoom jameni. Kila mwalimu awe na meno yaliyong'olewa yamehifadhiwa kwa fomalini, watu wafanye mazoezi kwa kichwa cha bandia wakati wagonjwa hawako, ila yaliyojazwa amalgamu, ile yenye zebaki, usiyatie kwa otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa joto, zebaki inatoka mvuke. Na logbuku, kitabu cha kazi ambazo mwanafunzi amefanya, isainiwe siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa temu, tuliona watu wakitafuta sahihi za walimu waliokuwa wameshahamishwa.

Ratiba pia isijazwe pomoni. Juni 2021 kafyu ya kaunti za Magharibi na za ziwa, Kisumu ikiwemo, iliwekwa kuanzia saa moja jioni, na ukishaweka muda wa chumba kupumua, ule unyunyu utoke, kati ya mgonjwa na mgonjwa unabaki na wawili watatu kwa mwanafunzi. Aliyekuwa amejaza meno mengi mapema hakulia. Mwenzake tulimpa drili baada ya miezi kumi, akaishika kama kijiko, jino la kwanza akalichungulia dakika kumi bila kuligusa.