Pima betri mota ikiwa inazunguka
Mota ikizunguka kivivu usipime betri ikiwa imekaa tu, weka ncha za mita ya kupimia volti kwenye vichwa vya betri halafu washa mota, usome hapo hapo. Ile betri ya mstatili ya volti 9 inaweza kusoma 9 kamili ikiwa haina kazi, ukiwasha mota inaporomoka vibaya, maana ndani ina ukinzani (kizuizi cha umeme) mkubwa na volti zinaliwa humohumo kabla hazijatoka. Betri 4 za AA kwa mfululizo (zikifuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine) ni volti 6 tu ila zinasukuma vizuri zaidi, wengi hawaamini mpaka waone. Lakini mota ikiwa imekwama kipimo kitakudanganya, inavuta ampia nyingi (mkondo mkubwa wa umeme) hadi betri nzima inaonekana mbovu, izungushe kwanza kwa mkono.