Karatasi ya mwezi: namna ya kukusanya habari za katuni za mji wako

Wachoraji wa katuni wanaweza kuishi mji mmoja miaka mingi na bado mmoja asijue kwamba mwenzake anazindua kitabu Jumamosi. Kazi yetu ni ya kujifungia ndani. Habari zipo, ila kila moja imekaa kwa mtu wake: mwenye duka la vitabu anajua la uzinduzi, mkutubi anajua la warsha ya watoto, mwalimu wa sanaa anajua la mashindano, na watatu hao hawana sababu ya kukutana. Mimi ndiye ninayewazungukia. Kila mwezi natoa karatasi moja ya A4, iliyochapwa upande mmoja tu, inayokunjwa ikawa kijitabu cha kurasa nane. Nitaeleza ninavyoiandaa, nawe utakata na kuongeza kulingana na mji wako.

Makataa kwanza, matukio baadaye

Anayeanza kazi hii huandika matukio: tamasha tarehe fulani, maonyesho tarehe fulani. Orodha ya namna hiyo inamfaa mtazamaji. Mchoraji anahitaji kitu kingine, yaani siku ya mwisho ya kuomba meza, ya kutuma kazi ya mashindano, ya kujiandikisha kwenye warsha yenye viti vichache. Mabango ya tamasha yakishabandikwa barabarani, meza zimekwisha gawiwa zamani.

Tazama yale makubwa duniani. Tamasha la Angoulême la Ufaransa lilianza mwaka 1974, na kwa desturi limekuwa likifanyika mwishoni mwa Januari, kwa hiyo maandalizi ya anayetaka kushiriki yanaangukia mwaka uliotangulia. Comiket ya Tokyo, soko la katuni ambazo wachoraji wamejichapishia wenyewe, ilianza Desemba 1975 na hufanyika mara mbili kwa mwaka. Vikundi vya wachoraji huomba nafasi miezi kadhaa kabla, na maombi yakizidi nafasi, washiriki hupatikana kwa bahati nasibu. Hata soko dogo la vijitabu katika ukumbi wa shule hufuata mkondo huohuo, tofauti ni kwamba miezi inageuka wiki.

Basi ukurasa wangu wa kwanza ni makataa tu, yamepangwa kwa tarehe, la karibu juu. Kila moja nalichapa zaidi ya mara moja: linapotangazwa, na tena linapobakiza wiki chache, safari hii kwa herufi nzito. Wapo wanaolalamika kwamba najirudia. Hao hao ndio wanaotuma maombi usiku wa mwisho.

Pa kuzipata

Maktaba, maduka ya vitabu, vyuo vya sanaa, kumbi za maonyesho, vituo vya utamaduni vya balozi: hizo kila mtu atakutajia. Za kumbi za maonyesho zichukue mapema, kwa sababu kuta hupangwa miezi mingi kabla, na msimamizi akikuzoea atakuonyesha ratiba ya nusu mwaka nzima.

Chanzo ninachokithamini kuliko vyote ni mtu wa mashine ya uchapaji. Yeye huona kitabu kabla ya dunia. Mchoraji anayechapa nakala za kupeleka sokoni lazima apite kwake, na mara nyingi hupita akiwa na haraka, kwa sababu tukio ni keshokutwa. Usimwombe akuonyeshe kazi za wateja. Hiyo ni amana yao. Mwachie rundo la karatasi zako kaunta na umwombe ampe kila anayeleta hadithi za picha. Mchoraji atakutafuta mwenyewe.

Chanzo cha pili ni gazeti lenyewe. Nina mazoea ya kufungua ukurasa wa katuni nikiwa na kalamu mkononi. Sahihi mpya ikitokea, hiyo ni habari. Katuni iliyozoeleka ikitoweka wiki mbili mfululizo, hiyo pia ni habari, lakini ni ya kuulizia kwa upole. Huenda mchoraji yuko likizo, au anaumwa, au amegombana na mhariri. Nampigia yeye kwanza, namuuliza kama anataka iandikwe, na akisema hapana, kalamu naiweka chini. Katuni za siasa zimewaponza wachoraji wengi duniani, na karatasi ya kurasa nane haina sababu ya kumwongezea mtu matatizo.

Hapo hapo niseme la majina. Wachoraji wengi hutumia lakabu: Hergé wa Ubelgiji alizigeuza herufi za mwanzo za jina lake, Georges Remi, zikawa R.G.; Quino wa Argentina aliitwa Joaquín Salvador Lavado. Hao majina yao yanajulikana na kila mtu. Mchoraji wa mji wako hajulikani. Andika jina lililo kwenye sahihi ya katuni, basi, hata kama mlisoma darasa moja.

Piga simu kwa mwenye funguo

Bango si ushahidi. Kwa kila tukio napiga simu mbili: kwa mwandaaji, kisha kwa anayeshika funguo za ukumbi. Majibu yao yakigongana, namwamini mwenye funguo. Ukumbi mmoja, sitautaja, uliwahi kukodishwa kwa harusi na kwa usiku wa kuchora, siku moja, saa ileile. Bibi harusi hakuondoka.

Uliza saa, halafu uliza tena ni saa ipi. Bango linaloandika "saa 8" bila neno la pili limezaa vurugu nyingi: mwandaaji amefikiria 8 ya usiku kwa saa za kizungu, msomaji amesoma saa 8 mchana, na watu wamefika muda wa saa sita nzima kabla ya mlango kufunguliwa. Mimi huandika saa 2 usiku, saa 8 mchana, daima na neno lake. Uliza pia saa ya kumaliza, ambayo waandaaji wengi huisahau, na ndiyo anayoitegemea mwenye safari ndefu ya kurudi.

Yanayobaki huulizwa kulingana na aina ya tukio. Usiku wa kuchora: mwanga ukoje, kuna meza au viti vitupu, karatasi inatolewa au kila mtu aje na yake, wino unaruhusiwa au ni penseli tu kwa sababu ya zulia? Soko la vijitabu: meza ina upana gani, inagawanywa kwa wawili, ada inarudishwa mtu akiahirisha? Mazungumzo na maonyesho hayana mengi. Kiingilio, lugha, ngazi za kupanda. Ngazi usizipuuze. Anayetembea kwa magongo asigundue ghorofa ya tatu akiwa tayari amefika.

Siku ya saa 24 inataka mistari zaidi

Likitokea tukio moja la kupewa ukurasa mzima, liwe hili. Mwaka 1990 Scott McCloud wa Marekani alibuni changamoto ya kuchora hadithi ya kurasa 24 ndani ya saa 24 mfululizo, bila michoro iliyoandaliwa kabla. Tarehe 24 Aprili 2004 wachoraji wa miji mbalimbali walifanya hivyo siku moja, na tangu hapo imekuwa siku ya kila mwaka, ila baadaye ilihamishiwa Oktoba. Hamisho hilo ndilo linalonifanya nisinakili kamwe orodha ya mwaka jana. Kila tukio linaulizwa upya, hata lile ambalo "kila mwaka huwa tarehe ileile".

Tangazo lake lieleze usiku. Mlango unafungwa saa ngapi, na aliyetoka kupumua atarudije? Umeme ukikatika kuna nini? Pa kujinyoosha papo? Walio chini ya umri wanaingia na mzazi au hawaingii kabisa? Eleza pia kwamba kutomaliza si aibu. Kuna njia mbili zinazokubalika tangu zamani, zote zimepewa majina ya watunzi wa hadithi za picha: ya Gaiman, kuishia pale saa 24 zilipokukuta, na ya Eastman, kuendelea hadi kurasa 24 zitimie hata kama saa zimepita. Nimeona watu wanaojiandikisha kwa sababu tu wamesoma mistari hiyo miwili.

Ripoti ya baada ya tukio

Nusu ya ukurasa mmoja naiweka kwa kilichotokea mwezi uliopita. Maneno mia moja yanatosha. Usiandike kwamba tamasha lilifana. Andika meza zilikuwa ngapi, nani alimaliza nakala zake kabla ya saa sita mchana, watu walipanga foleni wapi, mchoraji alijibu nini alipoulizwa kuhusu wino wake. Nikiweza namwomba mchoraji aliyekuwepo achore ripoti badala yangu: fremu moja, mbili. Picha ya kamera ikipunguzwa kwenye karatasi hii inageuka tope jeusi, lakini mstari wa kalamu unabaki mstari.

Ukichukua katuni ya mtu, omba ruhusa kwa maandishi, na omba fremu moja badala ya ukurasa mzima. Kila ukurasa wa kijitabu chetu una milimita 74 kwa 105. Ukurasa mzima wa hadithi ukiingizwa humo, maneno ya ndani ya viputo hayasomeki. Mchoro wa rangi nyeusi tupu uskaniwe kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Chini ya hapo kingo za mistari huota meno.

Kupanga na kukunja

Lalisha A4 kwa upana na uigawe vyumba nane, safu mbili za vyumba vinne. Safu ya chini, kutoka kushoto: ukurasa wa 8, 1, 2, 3. Safu ya juu, kutoka kushoto: 7, 6, 5, 4, yote yakiwa kichwa chini. Acha milimita tano tupu kila upande wa kila chumba, maana mashine nyingi hazifiki ukingoni. Mgawanyo wangu: 1 ni makataa, 2 hadi 5 ni matukio kwa tarehe, 6 ni tukio la kupewa nafasi, 7 ni ripoti juu na vitabu vipya chini, 8 ni namna ya kuniletea habari na siku yangu ya mwisho ya kuzipokea.

Baada ya kuchapa, kunja karatasi nusu mara tatu hadi vyumba vyote vinane vionekane, kisha ifungue. Ikunje tena kingo mbili fupi zikutane. Kwa mkasi kata kuanzia kwenye mkunjo, kufuata mstari wa katikati, hadi ufike mkunjo unaofuata, usivuke hapo. Fungua, kunja kingo ndefu zikutane maandishi yakiwa nje, shika ncha mbili na uzisukume kuja katikati. Mpasuko utafunguka, kurasa zitajipanga, nawe ubane kwa kucha. Nakala kumi za mwanzo zitakuudhi. Kukunja ni kazi ya kufanya na watu, mazungumzo yakiendelea, na humo ndimo huibuka habari za toleo lijalo.

Ratiba ya mwezi

Tarehe 20 nafunga kupokea habari. Siku tatu zinazofuata ni za simu. Tarehe 24 napanga kurasa, 25 nachapa, na kufikia 28 karatasi ziko kaunta zote, ili msomaji awe nayo kabla mwezi haujaanza. Habari ikija tarehe 22, hata iwe tamu vipi, inasubiri, isipokuwa ni kufutwa kwa tukio lililokwisha pangwa. Hilo hubadilishwa hata kama mashine imeshawashwa.

Chapa nakala chache kuliko unavyodhani unahitaji, kisha rudi kaunta baada ya wiki moja uone zimebaki wapi. Penye rundo lisiloguswa, hamisha. Nakala moja ya kila toleo itie kwenye faili, mwezi na mwaka vikiwa vimeandikwa juu, na nyingine ipeleke maktaba na kumwomba mkutubi aihifadhi pamoja na magazeti.