Kabla hujatengeneza venv, cheki haya kwanza

Watu wengi wakianza Python wanakimbilia pip install tu (pip ndo chombo cha kushusha paketi za Python), leo Django ya kutengeneza wavuti kesho pandas ya data, yote yanarundikwa kwenye Python moja ya mashine, na mambo yanaenda poa mpaka siku unapewa projekti ya zamani inayotaka Django 4.2 wakati yako mpya iko 5.2, ukiinstoli moja nyingine inang'oka. Venv (virtual environment) ni folda tu, ina paketi zake peke yake, kila projekti na yake.

Cheki kwanza una Python gani, andika kwenye terminal python3 --version, maana venv haikuletei Python mpya, inatumia ileile uliyoitengenezea. Django 5.2 inataka 3.10 kwenda juu, so kama mashine bado iko 3.8 malizana na hilo kwanza. Wa Ubuntu na Debian mara nyingi inabidi pia upige sudo apt install python3-venv, bila hiyo inagoma. Na kuanzia Debian 12 ukitumia pip nje ya venv unapigwa kosa la externally-managed-environment, halafu utakuta mtu anakushauri uweke --break-system-packages, jamani, si imeandikwa kabisa kwamba inavunja?

Bando sasa. Hapa ndo watu wanalia. Ukiinstoli PyTorch (paketi ya machine learning) kwenye Linux bila kuangalia, inashusha na mafaili ya CUDA ya kutumia GPU za NVIDIA, GB kadhaa zinaondoka na laptopu yako haina hata GPU ya NVIDIA, chukua ile ya CPU kwenye ukurasa wao. Ukipata waifai ya bure piga pip download -r requirements.txt -d paketi (requirements.txt ni faili la orodha ya paketi za projekti, paketi hapo ni jina la folda), ukirudi nyumbani unainstoli bila intaneti kwa pip install --no-index --find-links paketi -r requirements.txt, ila ushushe kwa mashine ya aina ileile na Python ileile, za Windows hazikai kwenye Linux.

Usiitengeneze kwenye flashi, nyingi ni FAT32 au exFAT na Linux inahitaji symlinki (faili linaloelekeza kwenye faili jingine) ambazo huko hazipo. Weka ndani ya folda ya projekti: python3 -m venv .venv, halafu source .venv/bin/activate, Windows ni .venv\Scripts\activate. Ukishaiwasha andika which python (Windows where.exe python) uone inaelekeza wapi, na zoea python -m pip badala ya pip tupu, inapunguza kuinstoli sehemu usiyoijua.

Jina la folda ya projekti liamue mapema, venv ina njia kamili zimeandikwa ndani yake, ukiihamisha inachanganyikiwa. Kwenye Git usiipandishe, iweke kwenye .gitignore (faili la orodha ya vitu Git isivyovigusa), kinachopanda ni requirements.txt uliyoitoa kwa pip freeze. Siku Python ya sistimu ikitoka 3.11 kwenda 3.12 na venv ikafa, unafuta folda, unatengeneza nyingine, unainstoli kutoka kwenye hilo faili.