Mdogo wangu, ukitaka uhandisi wa mawasiliano anza na mikono

Umeniuliza usome nini ili ufanye kazi kama yangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome.

Njia ziko mbili. Ukimaliza kidato cha sita kwa PCM (fizikia, kemia na hisabati), unaomba shahada ya miaka minne, kwa mfano pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nilipita ile nyingine: kidato cha nne, stashahada ya miaka mitatu DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), ndipo shahada. Ni ndefu, lakini ningerudi nyuma ningeichagua hiyohiyo.

Hisabati usiikwepe, hasa logarithimu, maana nguvu ya mawimbi tunaipima kwa desibeli. Weka kichwani: ukipoteza desibeli 3, nusu ya nguvu imekwenda. Ukipoteza 10, imebaki sehemu moja ya kumi.

Ukienda mafunzo kwa vitendo, omba upelekwe saiti. Mara ya kwanza kuunga faiba, nyuzi za kioo zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gari, kando ya barabara ya Dodoma, upepo unavuma. Uzi mmoja una unene wa mikroni 125 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kiini kinachopitisha mwanga ni 9 tu. Nikamenya, nikafuta kwa spiriti, nikakata, nikaweka kwenye mashine ya kuungia. Ikasoma upotevu wa desibeli 0.35. Fundi mkuu akaukata ule uungo bila neno, akanirudishia. Mara ya nne ikasoma 0.02. Kumbe nilikuwa nikishafuta, naushika tena kwa vidole. Wewe ukishafuta, kata, weka, basi. Vipande vitie kwenye chupa yenye kifuniko, maana kikikuchoma kidoleni hukioni. Na usichungulie kamwe ncha ya faiba inayofanya kazi: mwanga wa nanomita 1550 hauonekani, ila jicho unaweza kuliumiza.

Kila jioni andika saiti, tatizo, kipimo cha kabla na cha baada. Ukihitimu utajisajili ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhandisi mhitimu, kisha uombe SEAP, mpango wa mafunzo kazini wa miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi mzoefu, kabla ya kuomba usajili kamili. Ripoti za huko zinataka ulichofanya wewe mwenyewe, na nimeona wenzangu wakihangaika kukumbuka kazi za mwaka uliopita.

Jumamosi njoo nyumbani asubuhi. Nina mabaki ya kebo, na mashine nimeiombea ruhusa hadi Jumatatu. Kucha ukate fupi.