Jinsi ya kumsoma J.P. Morgan ukamwelewa: anzia usiku wa 1907

Watu wengi wakitaka kumsoma J.P. Morgan, yule mwenye benki mkubwa wa New York, wanaanza na alizaliwa lini, 1837 kule Hartford Marekani, wanapita shule ya Uswisi, chuo cha Göttingen Ujerumani, wakifika kwenye benki washachoka wanaacha. Mi nakwambia anzia Oktoba 1907, mzee ana miaka 70, halafu ndo urudi nyuma.

Ila kabla hujaanza, andika majina matatu pembeni maana yanachanganya sana. Junius ni baba, alikuwa na benki London. Pierpont ndo huyu wetu. Jack ni mtoto, na yeye pia anaitwa J.P. Morgan, kwa hiyo ukikuta habari za mikopo ya Vita ya Kwanza ya Dunia huyo ni Jack, baba yake alishafariki Roma Machi 1913.

Haya, 1907. Shika kwanza kwamba Marekani wakati huo haikuwa na benki kuu, yani benki zikiishiwa hela hakuna pa kukimbilia. Kampuni ya trasti (aina ya taasisi inayotunza hela za watu kama benki) ya Knickerbocker pale New York watu walijaa kutoa hela zao, masaa machache tu zikatoka kama dola milioni 8 na milango ikafungwa. Siku mbili baadae mkuu wa soko la hisa akamfata Morgan kumwambia inabidi soko lifungwe mapema, Morgan akakataa katakata, akaita wakuu wa mabenki na ndani ya dakika chache zikapatikana zaidi ya milioni 20 soko likaendelea. Halafu mwanzoni mwa Novemba akawaita wakuu wa zile trasti kwenye maktaba yake binafsi, akafunga mlango na ufunguo akakaa nao, wakabaki humo katikati ya vitabu na michoro mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri waliposaini kuchanga milioni 25 za kuokoa trasti zilizokuwa zinayumba. Usiku huo usome taratibu, rudia hata mara mbili. Jiulize mtu ambaye si rais wala waziri alitoa wapi nguvu ya kuwafungia watu wazima ndani na wakakubali?

Jibu liko kwenye reli, na hapo usihangaike kukariri majina ya makampuni, elewa utaratibu. Reli zilijengwa nyingi kupita mizigo iliyokuwepo, zikashushiana bei mpaka zikafilisika. Morgan anaingia anapanga upya madeni, riba inashuka, wenye hisa wanakabidhi kura zao kwa watu wachache aliowachagua yeye kwa miaka kadhaa, na kwenye bodi anaweka watu wake. Hela nyingi hazikuwa zake, zilikuwa za wawekezaji, wengi wa Ulaya, waliomwamini, kwa hiyo ukimpima kwa utajiri wake mwenyewe utakosea, hesabu viti vya bodi. Kamati ya bunge la Marekani ilihesabu viti 341 kwenye makampuni 112, ukijumlisha watu wake na wa benki mbili washirika. Ukishaielewa reli, General Electric ya 1892 na U.S. Steel ya 1901 zinakuwa rahisi, ni mchezo uleule wa kuunganisha washindani, ila U.S. Steel, ya chuma, ilikuwa na mtaji wa dola bilioni 1.4, na kampuni ya chuma ya Carnegie peke yake ilinunuliwa milioni 480.

Baada ya hapo tafuta mahojiano yake mbele ya hiyo kamati, Desemba 1912. Wakili wa kamati, Untermyer, anambana kama mkopo hautegemei hela au mali, yeye anajibu hapana, kitu cha kwanza ni tabia ya mtu. Soma maneno yake mwenyewe, usisomewe.

Na tafadhali usiruke mabaya. Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani alilipa dola 300 mtu mwingine aende jeshini badala yake, na 1861 alikopesha hela kwenye biashara ambayo bunduki za serikali zilinunuliwa dola 3.50 serikali ikauziwa tena kwa 22. Mi inaniuma nikiona anaandikwa kama malaika mwokozi, wanajeshi ndo walikuwa wakisubiri hizo bunduki.

Ukimaliza malizia na Desemba 1913, miezi tisa baada ya kifo chake, sheria ya benki kuu inapitishwa. Kisha mfuatilie kijana mmoja uliyemkuta 1907 akikagua vitabu vya hesabu vya zile trasti usiku kucha kwa niaba ya Morgan, Benjamin Strong, maana 1914 ndo anakuwa mkuu wa kwanza wa tawi la New York la hiyo benki kuu.